Kufungwa, Kufungisha, Kuuza: Kipa Tommy Salo na Lugha ya Lawama

Lugha yetu ina kiambishi kidogo kinachoweza kumtia mtu hatiani bila kesi wala shahidi. Kiambishi hicho ni -ish-. Timu inapopoteza mchezo, shabiki mwenye staha husema, "Tumefungwa." Shabiki anayetafuta pa kuutua mzigo wake husema, "Kipa katufungisha." Mwanasarufi ataeleza kwamba kauli ya kwanza ni ya kutendwa na ya pili ni ya kutendesha, kisha ataendelea na somo lake. Kwa kipa mwenyewe, hata hivyo, baina ya kauli hizo mbili pana masafa marefu. Katika ya kwanza yeye ni mmoja wa waliofikwa na jambo. Katika ya pili yeye ndiye aliyelitenda jambo hilo, na wenzake wote ni wahanga wake.

Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: sisi tunaotunga kwa Kiswahili, na sisi tunaokipenda hata kama hatutungi, tunawajibika kukichunga kitenzi tunachomvisha mtu aliyeshindwa, kwa kuwa kitenzi hicho hudumu kuliko mchezo wenyewe. Nitaitetea kwa kisa cha kipa wa Sweden, Tommy Salo, na bao alilofungwa tarehe 20 Februari 2002 katika mashindano ya magongo ya barafuni, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyoandaliwa na mji wa Salt Lake City, Marekani.

Msomaji ana haki ya kuuliza: magongo ya barafuni na ushairi wa Kiswahili, wapi na wapi? Nina majibu mawili. Kwanza, mchezo huo hauko mbali nasi kama tunavyodhani. Jijini Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari iliyo kando ya Barabara ya Mombasa, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo vijana wa Kenya wa timu ya Ice Lions walipojifunzia kuteleza na gongo mkononi. Pili, na hili ndilo kubwa, kisa cha mbali hutusaidia kukiona cha karibu. Nikianza na kipa wa Simba au wa Yanga, wa Gor Mahia au wa AFC Leopards, ushabiki utatuziba masikio kabla hoja haijafika katikati. Kipa wa Sweden hatudai kitu, nasi hatumdai. Tunaweza kumtazama kwa macho makavu, kisha tukarudi kwetu tukiwa tumejifunza.

Kwanza nieleze tukio lenyewe, kwa ajili ya wasioujua mchezo. Kila upande huwa na wachezaji 6 barafuni, kipa akiwa mmoja wao. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma, na kinachopiganiwa si mpira wa duara bali ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, ambacho mtu anaweza kukifumbata kiganjani. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Lango ni dogo kuliko la kandanda: upana wake ni mita 1.83 na kimo chake mita 1.22. Kipa hujifunika mwili mzima kwa pedi nene, na usoni huvaa barakoa ngumu, maana kisahani kikipigwa kwa nguvu hujia kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa.

Sweden walikuwa wameingia robo fainali kwa kishindo. Walikuwa na nahodha Mats Sundin, walikuwa na Nicklas Lidström na Daniel Alfredsson, wachezaji waliotajwa duniani kote palipochezwa mchezo huo. Katika hatua ya makundi walishinda michezo yao yote 3, ukiwemo ule wa kuwafunga Kanada 5-2. Wapinzani wao, Belarus, walikuwa wamepoteza michezo yao yote 3. Finland iliwafunga 8-1 na Marekani ikawafunga 8-1. Hakuna aliyetarajia kwamba siku hiyo ingekumbukwa.

Zikiwa zimesalia dakika zisizofika 3, matokeo yalikuwa 3-3. Beki wa Belarus, Vladimir Kopat, alikipiga kisahani kutoka mbali, karibu na katikati ya uwanja. Kisahani kilipaa. Kikampiga Salo kwenye barakoa, kikaruka juu, kikaanguka nyuma ya mgongo wake, kikabiringika hadi kikavuka mstari. Belarus wakashinda 4-3, na Sweden wakaaga mashindano.

Hebu tuzirudie sentensi hizo chache. Kiima cha karibu zote ni kisahani. Kisahani kilipaa, kikampiga, kikaruka, kikaanguka, kikabiringika. Salo yumo humo kama shamirisho: ni kitu kilichopigwa. Sikuzipanga hivyo ili kumhurumia. Ndivyo jambo lilivyotokea, na atakayeitazama picha ya tukio hilo kwa utulivu ataliona hivyo hivyo. Je, Salo alicheza vizuri siku hiyo? La. Alifungwa mabao 4 na timu iliyopiga mashuti pungufu ya nusu ya yale waliyopiga wenzake, na bao la 4 lilitokana na shuti ambalo kipa wa daraja lake hulizuia siku zote bila kutoka jasho. Yote hayo ni kweli, nami sina nia ya kuyafunika. Swali ni je, ukweli huo unahitaji kitenzi gani?

Nchini Sweden kitenzi kilichochaguliwa kilikuwa kikali. Magazeti yaliandika kwa msamiati wa usaliti. Picha za wachezaji zilichapishwa pamoja na mishahara waliyokuwa wakilipwa katika ligi ya Amerika Kaskazini, kana kwamba ni orodha ya watuhumiwa na thamani ya mali iliyoibwa. Na ingawa lawama ilitupwa kwa kikosi kizima, haikuchukua muda mrefu kuteremka na kutua kwa mtu mmoja, kama maji yanavyotafuta bonde. Kila lilipotajwa jina la Salo, lilifuatwa na bao la Kopat.

Asione mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi tuna kauli yetu inayofanya kazi hiyohiyo, nayo ni "kauza mechi." Siku hizi inatamkwa kwa wepesi wa salamu. Kipa akitema mpira, kauza. Beki akijifunga, kauza. Mpigaji penalti akipaisha, kauza. Lakini kuuza ni biashara; kunataka mnunuzi, bei na makubaliano. Anayesema fulani kauza mechi amedai kwamba palikuwa na fedha iliyopita mkono hadi mkono. Akiulizwa ushahidi atacheka na kusema ni maneno ya mpira tu. Basi na yule aliyeambiwa hayo, akirudi nyumbani na kukuta watoto wake wamechekwa shuleni, naye acheke?

Tuyapange maneno yetu kwa daraja zake, tuone lugha ilivyotutajirisha na sisi tunavyojifukarisha. Chini kabisa pana kuteleza. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na kwa kipa anayesimama juu ya barafu methali hiyo inapata maana mbili kwa pamoja. Juu yake pana kukosea: mtu alikusudia jambo jema, akachagua vibaya. Hapo ndipo Salo anapostahili kuwekwa. Juu yake pana kuzembea, yaani mtu alijua wajibu wake na hakuujali. Na juu kabisa pana kuhini na kusaliti, ambako mtu alikusudia dhara kwa waliomwamini. Madaraja hayo manne yanatofautiana kwa nia, wala si kwa ukubwa wa hasara. Hasara ya Sweden ilikuwa kubwa; nia ya Salo ilikuwa njema. Mwenye kupima kosa kwa hasara pekee atamwita msaliti kila mwenye bahati mbaya, na siku atakapokutana na msaliti wa kweli hatakuwa na neno la kumwita.

Nenda mbele zaidi, uangalie msamiati wa kazi ya kipa. Kwanza tunasema anadaka, na neno hilo lina mikono miwili ndani yake. Tunasema anapangua, yaani hakuweza kuushika lakini aliugeuza njia. Tunasema anaokoa, na hapo tumekiri kwamba palikuwa na hatari aliyoikuta, ambayo yeye hakuileta. Akishindwa tunasema ametema, kana kwamba mpira ulikwisha kuwa kinywani mwake. Tunasema ametunguliwa, naye hapo ni kama ndege au embe mtini, hana la kufanya. Tunasema ameusindikiza kwa macho, na katika kauli hiyo kuna mzaha lakini hamna chuki. Sote tumewahi kusindikiza kwa macho kitu tusichoweza kukizuia. Kila kitenzi hapo kinasema jambo mahsusi lililotokea. Ni msamiati wa watu waliotazama. "Kafungisha" na "kauza" ni msamiati wa watu walioacha kutazama wakaanza kuhukumu.

Kitenzi funga chenyewe kinastahili kutuliwa macho. Maana yake ya siku zote ni kubana kwa kamba, kuziba kwa mlango, kutia gerezani. Aliyetia bao ni mfungaji, na aliyefungwa, tukikifuata kitenzi kwa unyofu, ni mfungwa. Hatumwiti kipa mfungwa kwa sababu neno hilo lina kazi nyingine, lakini kisa cha Salo kinaonyesha kwamba maana hizo mbili zinaweza kukutana. Kuna bao ambalo kipa hufungwa kwa sekunde moja, halafu yeye akafungiwa ndani yake miaka. Na ufunguo wa kifungo hicho hauko kwa kipa. Uko kwa wasimulizi.

Maana mtu huyu alikuwa nani kabla ya siku ile? Tarehe 27 Februari 1994, mjini Lillehammer, Norway, Sweden na Kanada walicheza fainali ya Olimpiki. Wakatoka 2-2, mapigo yakaamua. Peter Forsberg akaifungia Sweden kwa ufundi uliowashangaza watu, kisha akaja Paul Kariya wa Kanada akihitaji kufunga ili nchi yake ibaki hai. Kipa aliyemzuia alikuwa Tommy Salo. Sweden ikapata dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huo. Mwaka 1998, katika fainali ya ubingwa wa dunia iliyochezwa kwa michezo miwili, Sweden waliwafunga Finland 1-0, kisha wakatoka nao 0-0. Katika michezo yote miwili hapakuwa na bao lililopita langoni kwa Sweden, na mlinzi wa lango hilo alikuwa huyohuyo Salo.

Sasa itazame nafsi ya kitenzi. Mwaka 1994 kauli ilikuwa "tumeshinda", nafsi ya kwanza wingi. Mwaka 2002 kauli ikawa "amefungisha", nafsi ya tatu umoja. Ushindi una wengi, lawama ina mmoja. Hili nalo si la Sweden peke yao. Sikiliza vijiweni kwetu baada ya mchezo: walioshinda husema "tumewafunga", na walioshindwa huanza kusema "wamecheza ovyo", kana kwamba timu waliyokuwa wakiimba jina lake asubuhi imekuwa ya watu wengine ifikapo jioni. Kiambishi tu- kimetoweka. Wahenga walituambia kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, kwa kuwa zizini ndiko kwenye kusaidiwa. Salo alirejea zizini akalikuta lango limefungwa.

Lililofuata linauma zaidi. Mwaka 2006, mjini Torino, Italia, Sweden walitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa kuwafunga Finland 3-2 katika fainali. Lidström ndiye aliyefunga bao la ushindi. Sundin alikuwepo, Alfredsson alikuwepo. Watu hao walikuwa barafuni siku ile ya Belarus, wakapoteza pamoja na kipa wao, na miaka 4 baadaye wakapata nafasi ya kujisafisha mbele ya ulimwengu. Langoni alisimama Henrik Lundqvist. Salo hakuwepo. Walioshindwa pamoja hawakutakaswa pamoja. Ndivyo lawama ya mtu mmoja inavyofanya kazi: wengine huivua kama koti, yeye akabaki nayo kama ngozi.

Atakayesema namtetea mmoja kwa kuwa nampenda, nimkumbushe upande wa pili wa siku ile ya Lillehammer. Kipa wa Kanada aliyefungwa na Forsberg aliitwa Corey Hirsch. Bao lile lilipendwa mno Sweden hata likawekwa kwenye stempu ya posta. Hirsch hakutaka sura yake itumike, na kipa aliyechorwa kwenye stempu akavishwa jezi ya rangi nyingine na namba nyingine. Miaka ikapita, na mwaka 2017 Hirsch akaandika hadharani juu ya maradhi ya akili yaliyomtesa katika maisha yake ya uchezaji. Sisemi kwamba bao lilimletea maradhi. Jambo hilo si langu kulisema. Nasema tu kwamba tunapomchora mtu kwenye stempu, au kwenye ubeti, hatujui amebeba nini chini ya barakoa.

Yupo mwingine ambaye lugha ilimtendea kwa upole, naye ni Vladislav Tretiak wa Umoja wa Kisovyeti, aliyehesabiwa miongoni mwa makipa bora waliopata kuonekana. Tarehe 22 Februari 1980, mjini Lake Placid, Marekani, alifungwa bao la pili katika sekunde ya mwisho ya kipindi cha kwanza, na kocha Viktor Tikhonov akamtoa. Wasovyeti wakapoteza 4-3 mbele ya vijana wa vyuo vya Marekani. Wamarekani wakaupa mchezo ule jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Muujiza wa Barafuni. Jina hilo lilimfaa Tretiak bila kukusudia. Muujiza hauna mzembe wala msaliti. Una walioshuhudia tu. Tikhonov mwenyewe baadaye alikiri kwamba kumtoa kipa wake lilikuwa kosa, na mwaka 1989 Tretiak akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo jijini Toronto. Tofauti ya Tretiak na Salo haiko katika mabao peke yake. Iko pia katika jina lililobandikwa juu ya mabao hayo.

Najua pingamizi litakalokuja. Msomaji mmoja atasema: kipa analipwa, tena anasifiwa akiokoa, basi na alaumiwe akishindwa. Na mwingine atasema: ushairi wetu umejengwa juu ya malumbano na masuto, ukitunyang'anya ukali, utatuachia maji ya uvuguvugu. Pingamizi zote mbili zina uzito, nami sizipuuzi.

Kwa la kwanza, najibu kwamba kulaumu si kosa. "Salo alikosea" ni lawama, tena ni lawama ya kweli, na mtu mzima anaweza kuibeba akaishi nayo. "Salo aliisaliti Sweden" ni uongo. Hata mchezaji anayelipwa mamilioni hajalipwa ili asingiziwe. Naomba usahihi, na usahihi haupaki rangi juu ya ukweli. Palipo na uzembe, sema uzembe. Siku ikithibitika kwamba kipa fulani kweli alipokea fedha akaachia mabao, hapo -ish- itakuwa mahali pake na kuuza kutakuwa kuuza, nami nitakuwa wa kwanza kuyatumia maneno hayo bila kutafuna. Maneno makali ni kama panga la nyumbani: hutunzwa likiwa na makali kwa siku ya haja, halitumiwi kila siku kuchezea watoto.

Kwa la pili, najibu kwamba mabingwa wa malumbano walishindana na wenye ulimi. Mshairi alimpiga mshairi, akajibiwa gazetini, msomaji akahukumu. Kipa aliyefungwa hana gazeti. Aidha, suto zuri hulenga tendo na hulitaja kwa jina lake, ndiyo maana huuma. Kumwambia kipa kwamba kisahani kilimpiga usoni naye akabaki akilitafuta bao hewani, hilo ni suto; lina picha, lina mzaha, na mwenyewe anaweza kulicheka baada ya miaka. Kumwambia kwamba kaiuza nchi si suto. Ni mashtaka yaliyovaa kanzu ya mzaha.

Liko jambo moja ambalo washairi, kuliko watu wengine wote, tunapaswa kulijua, nalo ni nguvu ya kibwagizo. Shairi letu la tarbia huweza kubeba habari mpya katika kila ubeti, lakini mstari wa mwisho ukirudi ule ule, msikilizaji ataondoka na huo. Mengine yote atayasahau. Televisheni imejifunza hila hiyo. Hurudia tukio moja, polepole, mara ya kumi, mara ya mia, mpaka maisha ya mtu yakawa beti na kosa lake likawa kibwagizo. Miaka yote ya Salo, ya Lillehammer na ya 1998, ni beti ambazo hazisomwi tena. Kinachoimbwa ni kisahani kinachobiringika. Sisi tuliozoea kukichagua kibwagizo tunajua kwamba hakijichagui chenyewe. Kuna mtunzi aliyekiweka pale, na mtunzi anaweza kukibadili.

Kiswahili kimetupa neno moja linalobeba haya yote bila jitihada: kuganda. Maji yakiganda huwa barafu, na jambo likimganda mtu halimtoki. Beti hizi mbili nimezitunga kwa ajili ya makipa wote, wa barafuni na wa nyasini:

Mlinzi kafungwa bao, msimtupe shimoni,
Alisimama na ngao, peke yake mlangoni,
Hamkuhesabu leo, yalokwama mikononi,
Moja likawa kilio, likamganda jinani.

Walioshindwa ni hao, wote walo uwanjani,
Kila mmoja na cheo, kila mmoja na deni,
Nanyi watunzi wa leo, semeni neno makini,
Moja lisiwe kilio, likamganda jinani.

Watunzi wenzangu mnaosoma ukumbi huu, nawaachia kazi. Mashindano hayakosekani, wiki haipiti bila kipa kuokota mpira wavuni. Atakayeandika juu ya mchezo ujao, kwa nathari au kwa nudhumu, akifika kwenye bao la kushindwa na asimame kidogo ajiulize maswali matatu. Kiima cha sentensi yangu ni nani? Nafsi niliyotumia ni ile ile niliyoitumia tuliposhinda? Na kitenzi nilichokichagua kinasema nilichokiona, au kinasema ninachokasirikia? Akishayajibu, na aandike kwa ukali autakao. Naamini atakuwa ameandika vizuri zaidi, na yule aliyesimama mlangoni atabaki na jina lake.